Deni si kosa la jinai: historia ya mikopo Walungu, toka ng'ombe wa bugabire mpaka kasho

Tangu mwezi wa Februari 2025, wakati Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 na benki zikafunga milango, kuna swali linalorudi kila siku kati ya familia zilizokimbia Walungu. Mtu aliacha deni nyuma yake. Alikopa kwa Muso, kwa mfanyabiashara wa soko la Mugogo, ao kwa mukopeshaji wa mtaani ambaye kila mutu anamuita Banque Lambert. Mbuzi zimeibiwa, duka limevunjwa, shamba halina mwenye kulilima. Je, deni limekufa na vita? Na kama halijakufa, siku atakaporudi atatiwa kasho?

Jibu la sheria ni fupi: deni halijakufa, na kasho si mahali pake. Lakini jibu hilo haliwatulizi watu wa Walungu, kwa sababu wameona kwa macho yao jirani akifungwa juu ya dola 50. Ili kuelewa namna polisi walivyogeuka kuwa walipishaji wa madeni, inafaa kurudi nyuma sana, mpaka wakati ambapo hapakuwa hata na franga moja katika Bushi.

Wakati ule mkopo mkubwa ulikuwa ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi alimpa mwingine ng'ombe mmoja amchunge, na mapatano hayo yaliitwa bugabire. Mwenye kupokea alipata maziwa na mbolea ya shamba lake la ndizi. Ng'ombe alipozaa, ndama waligawanywa ao kurudishwa kufuatana na masikilizano. Hapakuwa na karatasi. Kulikuwa na mashahidi, kulikuwa na kasiksi iliyonywewa mbele ya watu, na kulikuwa na heshima: mwenye kupokea ng'ombe alikuwa amejifunga kwa mwenye kumpa, alimsaidia kazi na kumsimamia katika mambo yake. Shamba nalo lilipatikana karibu kwa njia hiyohiyo. Kwa kalinzi, mtu alitoa ng'ombe kwa mwami ao kwa mukubwa wa kijiji, akapata udongo ambao watoto wake wangeurithi. Kwa bwasa, alipewa shamba kwa muda tu, na kila msimu alilipa kitu kidogo.

Mapatano haya hayakuwa ya usawa. Maskini aliyechunga ng'ombe wa tajiri alibaki chini ya tajiri miaka mingi, na si vizuri kuyasifu kuliko yalivyokuwa. Lakini jambo moja ni la kukumbuka. Dhamana ya deni ilikuwa kitu kinachoonekana, kinachokula majani mbele ya kijiji kizima. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa, kijiji kiliona. Mkopaji akimuuza kwa siri, kijiji kiliona pia. Tofauti ya kushindwa na kuiba haikuhitaji mpelelezi.

Wabelgiji walileta vitu viwili kwa wakati mmoja: sheria ya deni na kodi ya kichwa. Sheria iliandikwa mapema, wakati wa Mfalme Leopold II. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba na masharti yake ndiyo inayotumika hadi leo katika Kongo, na watu wa sheria wanaiita Kitabu cha Tatu cha Kodi ya Sivili. Inasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa njia halali ni sheria kwa wale waliopatana. Sheria ya Kongo inasema pia kwamba mwenye deni anajibu kwa mali yake, ile anayo leo na ile atakayoipata kesho. Mali. Haikusema mwili.

Kwa kodi ilikuwa tofauti. Mwanaume wa Ngweshe ao wa Kaziba alipaswa kutoa makuta kila mwaka, na aliyeshindwa aliweza kufungwa. Ili apate makuta alienda kwenye mashamba ya wazungu, na huko pia kulikuwa na mtego. Dekreti ya mwaka 1922 juu ya mkataba wa kazi iliruhusu kumfunga mfanyakazi aliyevunja mkataba wake, kwa mfano yule aliyepokea malipo ya mbele kisha akatoroka. Kwa hiyo deni la kwanza ambalo babu zetu walifungiwa halikuwa la jirani wala la benki. Lilikuwa la serikali na la muzungu wa shamba. Fundisho hilo lilishika mizizi kuliko dekreti ya 1888, ambayo kijijini hakuna aliyewahi kuisoma.

Benki zenyewe hazikuwa za Mushi wa kawaida. Banque du Congo Belge ilianzishwa mwaka 1909, na kazi yake ilikuwa makampuni, wafanyabiashara na wakoloni wenye mashamba. Ili benki ikukopeshe kwa dhamana ya udongo, ulihitaji hati ya shamba iliyoandikishwa, na mwenye kalinzi hakuwa nayo. Mwaka 1950 ndipo ilipoundwa kasha ya akiba ya koloni, ile ambayo leo ni Cadeco. Pale mwalimu, karani ao mfundi aliweza kuweka akiba yake na kupewa kitabu kidogo. Kuweka, ndiyo. Kukopa lilikuwa jambo lingine.

Baada ya uhuru ikaja hatua iliyowafikia watu wa mashamba kwelikweli. Katika miaka ya 1970, kwa musaada mkubwa wa wamisionari na walimu, koperative za akiba na mikopo, zile Coopec, zilienea katika Kivu, na zikawa na kasha yao kubwa iliyoitwa Coocec-Kivu, yenye makao Bukavu. Watu walioweka akiba walikuwa wauza maharagwe, walimu wa shule za msingi, wanunuzi wa kahawa. Mwanachama aliweka kidogokidogo, kisha akaruhusiwa kukopa kufuatana na akiba yake na kwa dhamana ya wanachama wengine waliomjua. Ilikuwa kama bugabire iliyoandikwa kwenye daftari, bila bwana.

Kilichoiua si uvivu wa wakopaji, ingawa wakopaji wabaya walikuwepo. Kilichoiua ni makuta yenyewe.

Hapa inafaa kutulia kidogo na hesabu. Mwezi wa Juni 1967 Mobutu alianzisha zaïre, na zaïre moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Mtu aliyekuwa na zaïre 1.000 alikuwa na dola 2.000, makuta ya kujenga nyumba. Desemba 1979, siku ya Noeli yenyewe, ikatangazwa kwamba noti za zaïre 5 na zaïre 10 hazina tena thamani. Mipaka ilifungwa, watu wakapewa siku chache za kubadilisha, tena kiasi chenye mpaka. Fikiria mchuuzi wa ng'ombe wa Burhale ao mama wa Kaniola mwenye akiba ndani ya chungu: siku chache, hakuna benki karibu, na mistari mirefu Bukavu. Noti nyingi zilibaki vijijini zikawa karatasi za watoto kuchezea.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Waziri mkuu Faustin Birindwa, mwenyewe mzaliwa wa Kivu, alileta zaïre mpya mwezi wa Oktoba 1993: moja kwa zaïre milioni 3 za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9.000. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franga ya Kongo, moja kwa zaïre mpya 100.000. Ukizidisha, franga moja ilikuwa sawa na zaïre bilioni 300 za mwaka 1967. Yule mwenye zaïre 1.000, aliyeziacha kwenye kitabu chake cha akiba bila kuzigusa, alibaki na sehemu moja ya franga iliyokatwa mara milioni 300. Hakuna mwizi aliyewahi kufanya kazi safi namna hiyo.

Sheria ilisema nini? Sheria ilikuwa upande wa mkopaji. Kufuatana na kanuni ya zamani iliyotoka Ubelgiji, mwenye kukopa makuta anadaiwa hesabu ileile iliyoandikwa, hata kama thamani yake imebadilika. Aliyekopa makuta ya kununua ng'ombe wawili aliweza kulipa, miaka miwili baadaye, kwa bei ya sanduku la sabuni, na alikuwa amelipa. Coopec zilirudishiwa mikopo yake kwa makuta yaliyokufa. Wenye akiba walipoteza, wenye madeni waliokoka, na kila mutu aliona. Kisha vita ya 1996 na ile ya 1998 zikamaliza ofisi, madaftari na masanduku yaliyobaki.

Toka hapo Walungu ilijifunza mambo mawili. La kwanza, usikopeshe kwa makuta ya serikali. Mpaka leo deni la kiasi fulani huandikwa kwa dola, hata kijijini ambapo dola yenyewe inaonekana mara chache. La pili, usiamini karatasi wala ofisi.

Na ng'ombe? Kati ya 1996 na miaka ya karibu na 2010, teritware ya Walungu ilinyang'anywa mifugo yake usiku baada ya usiku. Watu wa Kaniola hawahitaji kukumbushwa. Mwezi wa Mei 2007 waliuawa katika vitanda vyao. Bugabire haikufutwa na sheria yoyote. Ilikosa ng'ombe.

Ajabu ni kwamba ilirudi kwa mlango mwingine, na mlango huo ulikuwa wa nguruwe. Tangu 2008 shirika la mikopo la Bukavu, Paidek, pamoja na watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, liliendesha katika vijiji vya Walungu programu iliyopewa jina la Nguruwe kwa ajili ya Amani. Familia haikupewa makuta. Ilipewa nguruwe jike mdogo kama mkopo. Alipozaa, familia ilirudisha watoto wawili: mmoja kulipa deni, mmoja kama faida, na hao wakaenda kwa familia nyingine. Kati ya waliopokea walikuwemo wanawake waliopitia ubakaji na kufukuzwa nyumbani. Mzee yeyote wa Ngweshe angetambua mapatano hayo mara moja, angeuliza tu kwa nini ng'ombe amegeuka nguruwe. Sababu ni rahisi: nguruwe anazaa wengi kwa haraka, na mwenye bunduki hamswagi msituni kwa urahisi kama ng'ombe.

Pamoja na hayo kulikuwa na likirimba, ambayo haikufa hata wakati mubaya zaidi: watu kumi wanachanga kila wiki, kila wiki mmoja anabeba yote. Na zikaja Muso, mutuelle za solidarite, ambazo leo ziko karibu katika kila grupema. Muso ina makasha matatu. Ya kijani ni ya akiba na mikopo ya wanachama. Nyekundu ni ya msiba, ugonjwa na ajali, na makuta yake hayarudishwi. Ya buluu ni ya mikopo inayotoka inje. Nguvu ya Muso ni ileile ya zamani: wanajuana.

Lakini Muso haiwezi kumpa mtu dola 300 kesho asubuhi juu ya mtoto aliyelazwa hospitali. Hapo ndipo anaingia Banque Lambert.

Jina hilo lina mzaha wake. Banque Lambert ilikuwa benki ya kweli ya Brussels, ya matajiri wa Ubelgiji. Mwaka 1975 iliungana na Banque de Bruxelles, na mwaka 1998 benki hiyo ikanunuliwa na ING ya Uholanzi. Brussels jina limefutika. Kongo limebaki, na maana yake ni mama ao papa mwenye makuta ndani ya mfuko, anayekopesha bila foromu, bila kungoja, kwa faida ya asilimia 20, 30, hata 50 kwa mwezi. Tangu serikali ianze mwaka 2011 kulipa mishahara kwa njia ya benki, wakopeshaji hawa wamepata dhamana mpya: mwalimu ao askari anaacha kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi mkopeshaji anatoa mshahara, anakata chake, anarudisha mabaki. Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini hata wao hawakufikiria mtu atakayekabidhi harusi yake ya mwezi ujao.

Je, faida hiyo ni halali? Hapana. Wabelgiji wenyewe, karibu na kuondoka kwao, waliingiza katika sheria kifungu kinachosema hivi kwa maneno ya kawaida: mtu akitumia vibaya shida, udhaifu, tamaa ao ujinga wa mkopaji ili amuahidishe faida inayopita kwa wazi faida ya kawaida, hakimu anaweza, mkopaji akiomba, kuipunguza mpaka ya kawaida. Kodi ya adhabu inaongeza kifungo cha mwezi mmoja mpaka mwaka mmoja, pamoja na fine, kwa mkopeshaji wa namna hiyo. Kwa hiyo katika deni la Banque Lambert, kwa sheria, anayeweza kufungwa ni mwenye kukopesha. Ni kifungu ambacho karibu hakuna mkopaji wa Walungu anayethubutu kukitumia, maana kesho atamhitaji mkopeshaji huyohuyo.

Sasa turudi kwa kasho. Mkopeshaji wa leo ana nini mkononi? Ng'ombe hakuna. Shamba la kalinzi halina hati. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilifanya udongo wote kuwa wa serikali, ikaahidi kwamba haki za mashamba ya desturi zitapangwa na ordonansi ya rais, na ordonansi hiyo ikangojewa miaka na miaka. Tribinali inaenda polepole na inagharimu. Basi mkopeshaji anaenda kwa ofisa wa polisi ya sheria, OPJ, na pale deni linabadilishwa jina. Haliitwi tena deni. Linaitwa abus de confiance, kifungu 95 cha kodi ya adhabu, ao escroquerie, kifungu 98. Yote mawili yana adhabu ya miezi mitatu mpaka miaka mitano. Mwenye deni analala chini kwenye simenti, familia inauza kilichobaki, OPJ anapata sehemu yake, na mkopeshaji anapata makuta. Mwili umekuwa dhamana kwa sababu dhamana nyingine zote ziliharibiwa, moja baada ya nyingine. Hilo linaeleza mambo, lakini halifanyi kasho kuwa halali.

Tofauti si ngumu. Abus de confiance ni pale ulipopewa kitu ili ukirudishe kilekile ao ukifanyie kazi fulani, nawe ukakila kwa udanganyifu. Mfano: umepewa dola 200 upeleke kwa mtu Nyangezi, ukazitumia. Escroquerie ni pale ulipotumia jina la uongo ao hila ili upewe. Mkopo ni kitu kingine. Ukikopeshwa makuta, makuta yale yanakuwa yako ya kutumia, na unabaki na kazi ya kurudisha kiasi kilekile. Kushindwa kurudisha si wizi. Kongo, wakati ilipoitwa Zaïre, ilijiunga mwaka 1976 na mkataba wa kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinasema hakuna mtu atakayefungwa kwa sababu tu hawezi kutimiza mapatano ya mkataba. Katiba ya Februari 2006 inaweka mikataba ya namna hiyo juu ya sheria za inchi. Katiba hiyohiyo, kifungu 18, inasema mtu hawezi kukaa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Zikipita, aachiliwe ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria.

Na kifungu 17 ni cha kusomwa polepole na familia zilizotawanyika: kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, hakuna anayeweza kukamatwa ao kufungwa kwa jambo la mwingine. Bwana amekimbia na deni, mke amebaki: mke hawezi kufungwa badala yake. Kijana hawezi kushikwa ili baba ajitokeze. Anayefanya hivyo, hata akivaa uniforme, anavunja katiba.

Kwa upande wa wanawake kuna jambo lingine lililobadilika. Kodi ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimlazimisha mwanamke aliyeolewa kupata ruhusa ya bwana kabla ya kufanya tendo lolote la sheria, na mikopo ilikuwa ndani yake. Mama wa Mugogo aliyeuza vitenge miaka 20 alipaswa kuleta sahihi ya mwanaume ambaye pengine hajui hata bei ya kitenge. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Sasa bwana na bibi wote wawili wanapaswa kusikilizana juu ya matendo yanayowafunga, na sharti hilo ni la pande zote mbili. Mwanaume anayekopa peke yake kwa siri naye amevunja.

Basi deni la aliyekimbia linakuwa namna gani? Dekreti ya 1888 inajua vita. Inasema hakuna malipo ya hasara pale ambapo nguvu kubwa isiyozuilika ilimzuia mwenye deni kufanya aliyopaswa kufanya. Maana yake, fine za kuchelewa kwa miezi ile ya kukimbia zinaweza kukataliwa mbele ya hakimu. Kiasi chenyewe kilichokopwa kinabaki, kwa sababu makuta hayafi kama mbuzi. Hata duka likichomwa, deni la bidhaa zilizokuwa ndani linabaki kudaiwa. Lakini hakimu anaweza kuangalia hali ya mwenye deni na kumpa muda wa kulipa kidogokidogo. Mkopeshaji naye ana haki zake: kwa sheria ya sivili ana miaka 15 ya kudai kabla deni halijazeeka, na kati ya wafanyabiashara, tangu Kongo ilipoingia katika Ohada mwaka 2012, ni miaka 5.

Kasha la Muso lililoibiwa na watu wenye silaha ni swali jingine linalogawanya vijiji. Mama aliyelitunza nyumbani kwake halipi, kama alilitunza inavyofaa na halikuchukuliwa kwa uzembe wake. Makuta yaliyokuwa mikononi mwa wakopaji siku ile hayakuibiwa. Yanaendelea kudaiwa, na ndiyo kwa kweli akiba iliyookoka. Vikundi vyenye daftari lililofichwa vizuri vinaweza kuanza tena na hesabu hiyo.

Ugumu wa siku hizi ni makuta yenyewe kupatikana. Benki za Bukavu zilipofunga, mwalimu mwenye mshahara kwenye akaunti hakuweza kuugusa. Waliokuwa na njia walivuka Ruzizi mpaka Kamembe, wengine walitoa kwa simu na kukatwa asilimia na wakala. M-Pesa na Airtel Money, zilizoingia Kongo mwaka 2012 kama starehe ya watu wa mjini, ziligeuka mshipa wa damu. Deni lililolipwa kwa simu lina faida moja juu ya lile la mkono kwa mkono: ujumbe unabaki, una tarehe na kiasi. Usiufute.

Na aliyepoteza karatasi yake ya deni, ao risiti ya malipo, katika mbio za usiku? Kwa kawaida sheria inadai maandishi kwa madeni yanayopita kiasi fulani. Lakini dekreti ya 1888 ina mlango kwa wale ambao hati yao ilipotea kwa ajali ao kwa nguvu isiyozuilika. Mbele ya tribinali ya amani ya Walungu, ao ile ya mahali walipokimbilia kama mdaiwa anakaa huko, wanaruhusiwa kuleta mashahidi: jirani aliyekuwepo wakati wa kuhesabu makuta, katibu wa Muso, mwenye duka aliyeandika. Majina ya watu hao na mahali walipokimbilia ni vizuri kuyaandika sasa, wakati bado wanakumbuka siku na kiasi.